Ndoo Nyekundu Njiani

Jumanne, 9 Januari

Kwako marehemu mke wangu Rosalba, salamu za heshima, na Mungu azidi kukulaza pema. Niwie radhi kwa kukawia kuandika. Jiko la kituo hiki cha barafuni halina huruma. Niwie radhi pia kwa hili: nakusudia kumposa doña Herminia, mpimaji wa hali ya hewa. Meli inamrudisha mjini Punta Arenas Ijumaa. Nimechoka kula peke yangu, Rosalba!

Leo nilimpelekea sopaipilla, yale maandazi ya maboga uliyonifundisha. Katikati ya mteremko, pengwini. Sheria ya hapa ni moja: usimfuate ndege, akikufuata yeye, simama kama mlingoti hadi aridhike. Hakuridhika. Alikagua kamba za viatu vyangu, akaita nduguze. Maandazi yakawa mawe. Don Anselmo, fundi wa jenereta, akapita kwa mbali, birika lake la kahawa mkononi, akaniuliza kwa sauti mahari ya bibi harusi huyo mfupi ni samaki wangapi. Mhuni!

Jumatano, 10 Januari

Nimegundua jambo. Pengwini hawezi kupita kitu kigeni bila kukichungulia. Nimeweka ndoo nyekundu ya jikoni kwenye njia ya Anselmo. Mapadre walionilea wanisamehe.

Alhamisi, 11 Januari

Ole wangu! Mtego umenasa. Pengwini wamemzingira Anselmo. Lakini alikuwa akimsindikiza doña Herminia! Sheria ni sheria: wakasimama pamoja saa nzima katika upepo, bibi amemshika mkono asianguke. Niliwatazama nikimenya viazi. Walikuwa wakicheka! Baadaye doña Herminia alisema hajafurahi hivyo tangu aje, na aliyeiacha ndoo ile abarikiwe. Nikaitikia amina.

Ijumaa, 12 Januari

Meli imetia nanga. Nilikuwa nimeirudisha ndoo na kuiacha mlangoni. Kosa! Pengwini wameifuata. Mmoja amekalia kizingiti. Kumfukuza ni mwiko, hivyo siwezi kutoka, na dirisha la nyuma hupitisha sinia tu.

Nimeiandika posa, kurasa mbili, ya kwanza yote ni kuomba radhi. Don Anselmo akapita dirishani: amenyoa, koti jipya, begi mgongoni. Nikamsihi amfikishie bibi. Akanyoosha kola, akasema, "Lete tu, mzee wangu. Mimi mwenyewe naenda huko huko."

Muungwana kumbe! Nilimdhania vibaya. Basi barua ataipeleka don Anselmo, pamoja na sopaipilla za moto, asimwendee bibi mikono mitupu.