Volti Kumi na Tatu Uwanjani kwa Bi. Prosser

Jumamosi, 12 Julai

Tumefika Wales. Uwanja wa majani, kondoo, mvua ya rasharasha. Nguzo ya umeme hakuna hata moja. Ndiyo sababu nimepachagua. Hilary anasema nimepachagua kwa kuwa kambi zenye umeme hazitutaki. Ni kweli kwa kiasi. Iliyotukataa kwa barua ni moja tu, baada ya mimi kuwasha birika, hita na kikaango kwa mpigo mmoja Pasaka iliyopita na kuwazimia umeme watu sitini waliokuwa wakitazama mpira. Nyingine hujibu kwamba zimejaa.

Hilary ni mke wangu, mwaka wa thelathini na nne sasa. Amekubali kuja kwa sharti moja. Alilitoa njiani, akimenya chungwa, bila kunitazama. "Taa zikizimika mara tatu wiki hii, Neville, karavani inauzwa." Nikamwambia hazitazimika hata mara moja. Akasema haya, akanipa kipande cha chungwa.

Karavani, nyumba yetu ya magurudumu, nimeiegesha chini ya mwaloni mkubwa, mahali pazuri kuliko pote. Betri: volti 12.7, imejaa. Paneli ya sola iko juu ya paa. Ipo na inveta mpya, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Saa kumi na moja jioni nikachomeka birika la umeme, Hilary aone. Akauliza kwa nini nisitumie jiko la gesi, si lile pale karibu na kiwiko changu. Nikamweleza kwamba gesi ni ya watu wasiojipanga.

Inveta ikalia kama mbuzi. Fyuzi kubwa ikakatika. Taa zikazimika, pampu ya maji ikanyamaza. Maji ya birika yalikuwa ya uvuguvugu.

"Moja," alisema Hilary, akawasha gesi.

Nimebadilisha fyuzi na kurudia jaribio mara mbili zaidi, kwa ajili ya utafiti; taa nilikuwa nimezitenganisha kwanza, kwa hiyo hizo hazihesabiki.

Jumapili, 13 Julai

Betri: volti 12.1. Jua kali tangu asubuhi. Paneli haitoi kitu. Nimekagua nyaya zake zote. Hazina kosa.

Tuna jirani mmoja tu uwanjani, Lionel Beddoes. Mgane, miaka sabini na minne, zamani alikuwa fundi wa kurekebisha sauti za piano. Ana gari dogo la kulala lenye paneli nne juu, zimepangwa kama vigae. Kutwa nzima anakaa kitini, anasoma. Hajagusa waya hata mmoja. Sijui mtu wa namna hiyo anakuja likizo kufanya nini.

Saa nne akaja na keki ya tangawizi. "Bwana Tansley, samahani kukuingilia. Naona huo mwaloni unakula jua lako lote."

Nikamwambia ninajua. Nikamwambia paneli za aina yangu zinapendelea mwanga uliochujwa. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Sipendi watu wanaoitikia kwa heshima.

Alipoondoka Hilary akauliza, si tuisogeze tu karavani meta kumi? Haiwezekani. Ingeonekana tumefuata ushauri wake. Keki ilikuwa nzuri. Nilikula vipande viwili, bila kuonyesha.

Jumatatu, 14 Julai

Betri: volti 11.9. Nimeishusha paneli na kuilaza majanini juani, kwa waya mrefu. Kwa sababu zangu mwenyewe. Hadi saa tatu ilikuwa inafanya kazi barabara. Saa tatu na robo wakaja kondoo watatu, wakalala juu yake.

Nilipiga makofi. Nilitikisa taulo. Bi. Eluned Prosser, mwenye uwanja, akapita na ndoo yake. "Waache, mpenzi. Wanapenda kitu cha moto tumboni. Na huyo wa katikati anaumwa mguu, usimwamshe."

Walipoinuka, jua lilikuwa limekwisha kufunikwa na mawingu. Pampu inatoa maji matone. Hilary amenawa uso kwa kikombe. Alasiri ameishinda kwa Lionel, wanajaza fumbo la maneno gazetini. Nilikuwa nawasikia wakicheka. Mimi nimewahi kujaza mafumbo hayo. Hayachekeshi.

Jumanne, 15 Julai

Siku ya siri yangu. Nimeitoa chini ya kitanda mbele ya Hilary: kinu cha upepo. Nimekijenga gerejini majira yote ya baridi, mapanga matatu ya bomba la plastiki la kwenye paa, na mota ya mashine ya kufulia. Hilary alikitazama kwa muda.

"Kumbe ile mashine haikuwa mbovu," alisema.

Nikamwambia hilo si la leo. Nikakisimamisha juu ya nguzo ya turubai. Upepo ulikuwa mkali, wenyewe hasa niliouomba. Kikazunguka. Taa ya mezani iling'aa, ikang'aa zaidi, ikawa na rangi ambayo sijawahi kuiona kwenye taa. Nikamwita Hilary. Alipotokea mlangoni panga moja likachomoka, likakata kamba ya nguo ya Lionel na kwenda zake. Pajama zake zikatua kwa kondoo. Nyaya zikagusana. Taa zote zikazimika.

"Mbili," alisema Hilary. Safari hii hakulisema kwa furaha.

Lionel alilirudisha panga mwenyewe, amelishika kwa mikono miwili kama samaki. Akasema limesafiri vizuri sana, alipima kwa hatua, meta arobaini. Bi. Prosser akaja kuniomba nikifunge chini kila kitu nilicho nacho, "na wewe mwenyewe ukiweza, mpenzi."

Jioni Hilary alifuta kizingiti cha dirisha la karavani kwa muda mrefu, polepole, kila kona. Nilikwenda kuangalia. Hapakuwa na uchafu.

Jumatano, 16 Julai

Asubuhi nilikwenda mjini kununua bolti. Nilirudi saa sita, nikafunga kinu upya kwa mapanga mawili yaliyobaki mazima. Sikutarajia mengi. Nikawasha mita.

Volti 13.6.

Nikaigonga mita. Volti 13.6. Taa zote zinawaka. Pampu inatema maji hadi nje ya sinki. Kinu kilikuwa kinazunguka polepole kama mtu anayekoroga uji, lakini ndiyo siri yenyewe: kasi haina maana, kinachohitajika ni utulivu. Nilimweleza Hilary kwa kirefu. Akasema hongera, macho yake kitabuni. Aliniomba tu nisichomeke birika. Aliniomba kwa upole, na nikamkubalia.

Alasiri nikaenda kwa Lionel. Niliona ni uungwana. Nikamwambia nina umeme wa ziada na sina kinyongo, akitaka nitamvutia waya. Alimtazama Hilary, aliyekuwa hapo kwa ajili ya fumbo. Hilary alikuwa akisoma upande wa matangazo ya vifo. Lionel akaniambia ni heshima kubwa, na kwamba akipungukiwa hatasita kuniambia.

Magharibi ilipoingia, kwetu kulikuwa kweupe kama harusini. Kwa Lionel palikuwa na kitaa kimoja hafifu, anasoma akiwa ameinamia ukurasa. Ndiyo matokeo ya kukaa kitini kutwa. Nilimwonea huruma kidogo.

Alhamisi, 17 Julai

Hakuna upepo. Jani halitikisiki. Kinu kimesimama kabisa. Betri: volti 13.6.

Nimelitafakari hili. Inaelekea kinu kikishazunguka vya kutosha, hujenga akiba. Nimeanza kuandika makala kwa ajili ya jarida la chama chetu cha karavani. Nilipofika ukurasa wa tatu nikatoka kupima urefu wa nguzo, na mguu wangu ukanaswa na kitu. Nikaanguka kifudifudi.

Waya. Wa rangi ya machungwa, umefichwa chini ya majani kwa ustadi, umefunikwa vipande vya udongo. Nikaufuata kwa magoti na mikono uwanjani kote. Ulianzia karavani kwetu. Ulikomea kwenye viatu vya Lionel, aliyekuwa anakunywa chai.

"Nilikuwa na wasiwasi utajikwaa," alisema. "Umeumia?"

Nikamwita Hilary. Akaja, akafunga kitabu, akaeleza kila kitu bila kupandisha sauti. Jana, nilipokuwa mjini, alikwenda kwa Lionel mwenyewe na kumwomba umeme. Wakauzika waya pamoja, yeye kwa mwiko wa keki. Nikamwambia sielewi. Ilibaki mara moja tu taa zizimike, karavani iuzwe, yeye apumzike.

"Mimi naipenda karavani, Neville. Tangu mwanzo naipenda. Haiuzwi. Kinachonichosha ni kuolewa na kituo cha umeme." Kisha akasema, "Siku sita. Hujakaa kitini hata mara moja. Mimi nilidhani nimekuja na mtu."

Nikaenda kuangalia fyuzi. Ilikuwa nzima.

Lionel alinifuata baadaye. Alisimama pembeni, mikono mfukoni. Aliniambia paneli zake alizifunga likizo ya mwisho aliyokwenda na mkewe. Alikuwa juu ya paa siku nne, na mkewe chini, anamshikia ngazi. Kazi safi, alisema, hadi leo hakuna skrubu iliyolegea. Halafu akalitazama lile paa.

Nilimuuliza alitumia skrubu za kipimo gani. Namba tano, alisema.

Ijumaa, 18 Julai

Sikupima betri. Naliandika hili kwa sababu Hilary ameniomba niliandike.

Baada ya kifungua kinywa nilileta kiti changu na kukiweka karibu na chake. Alimimina chai, ya gesi, moto wa kutosha. Akavua viatu, akaweka miguu yake juu ya magoti yangu, kama alivyokuwa akifanya zamani. Jua lilitoka. Aliniambia yule kondoo wa mguu amepona. Aliniambia Lionel hajui kuandika "kifaru" kwa Kifaransa na haoni aibu. Nilicheka. Nakiri nilikuwa nasikia raha, na sikuwa naitazama saa, ingawa zilikuwa dakika kumi.

Nikasikia sauti. Kama mtu anamimina kitu bila kuacha. Nikamuuliza Hilary ni nini.

"Kijito," alisema, macho yamefumbwa. "Kipo nyuma ya ule uzio wa miti. Mimi na Lionel huenda kutembea huko kila siku."

Sikuwahi kukiona. Maji yanashuka kutoka mlimani mchana na usiku, jua liwepo lisiwepo, upepo uvume usivume. Yanapita hapo na kwenda zake. Hakuna anayeyatumia kwa lolote.

Nilikaa dakika mbili zaidi, kwa ajili ya Hilary. Kisha nikaishusha miguu yake taratibu, nikaiweka juu ya kiti changu isipate baridi, nikaenda kuazima ndoo kwa Bi. Prosser.

Nilimsikia Hilary akisema kitu nyuma yangu. Sikukishika vizuri. Ndoo ya lita kumi inajaa kwa sekunde mbili.