Bibie Haoshwi na Mkono wa Mtu

Jumatatu, 13 Aprili

Daktari kasema bega langu la kulia limeganda. Limeganda! Kama uji wa jana. Kanikataza kuinua mkono juu ya kifua, kusugua, kukamua na kubeba ndoo. Nikamwuliza, je, kuosha gari? Akasema hayo yote aliyoyataja ndiyo kuosha gari. Kijana mdogo, lakini ana majibu.

Sasa hapo ndipo penye ishu. Gari lenyewe si gari hivi hivi. Ni la michezo. Jekundu, milango miwili, viti viwili, limelala chini kiasi kwamba kila tuta la Segerea linalifahamu tumbo lake. Nilipolinunua, wenzangu ofisini waliulizana huyu ni karani wa namna gani. Naliita Bibie. Tangu ashuke melini Bibie hajaoshwa na mkono mwingine ila huu. Mara moja tu nilimpeleka kwa waosha magari, wakamsugua kwa stilwaya la masufuria. Boneti mpaka leo ina mistari kama daftari la darasa la kwanza. Nikaapa.

Na Jumamosi hii ni sendofu ya binti yetu, Loveness. Nilimwahidi tangu yuko kidato cha pili: siku ya kuagwa atashuka kwenye Bibie, na Bibie atakuwa anang'aa mpaka watu wajitazame humo wachane nywele. Lakini shemeji Filomena, dada yake mke wangu na mwenyekiti wa kamati, anataka Loveness ashuke kwenye gari la jirani yetu Elibariki. Gari refu, pana, jeupe. Jokofu lenye magurudumu! Ati linatoka vizuri kwenye picha.

Mke wangu, Kokushubila, kashauri tumwite mtu aje kuosha hapa hapa nyumbani. Nikamwambia labda nife. Akasema sawa, ila nife baada ya Jumamosi.

Jumanne, 14 Aprili

Wazo! Sielewi kwa nini binadamu wengine hawakulipata kabla yangu. Huu si mwezi wa masika? Maji yako juu, yanakuja yenyewe. Kinachokosekana ni sabuni tu.

Asubuhi nikakoroga sabuni ya unga kwenye beseni, nzito kama maziwa mgando. Nikampaka Bibie mwili mzima kwa ufagio laini wa sebuleni. Mkono wa kushoto. Kupaka, si kusugua. Daktari hakutaja kupaka. Wingu lilikuwa jeusi tititi upande wa Kiwalani. Nikakaa barazani na kahawa yangu, nikingoja.

Elibariki akapita akielekea kazini, akaniuliza kama gari nalipiga chokaa. Nikamjibu kwamba sayansi inataka subira. Akasema haya, akaenda zake akicheka. Mtu huyu hucheka asubuhi. Mie simwelewi.

Saa sita wingu likaondoka. Likaja jua la kukaushia dagaa. Povu likaingia ufa, likashika. Bibie kawa mweupe. Mweupe kuliko gari la Elibariki! Nimekwangua kwa kucha, halitoki. Filomena alipoleta kadi za sendofu alisimama getini muda mrefu, kisha akauliza lile jekundu tumeliuza lini.

Nasikia mvua imenyesha Temeke. Temeke! Wao walikuwa wamepaka sabuni?

Jumatano, 15 Aprili

Leo nimeshinda. Niandike kwa utaratibu.

Mzee Marselino wa nyumba ya nyuma ana shamba la korosho kwao Masasi, na ana lile bomba la kubeba mgongoni la kupulizia dawa mikorosho. Nikaenda, nikaamkia, nikaomba. Akauliza nina mikorosho mingapi. Nikamwambia mmoja, lakini mwekundu. Akanitazama sana. Akanipa.

Bomba lina mikanda miwili. Mkanda wa kulia sikuuvaa, kwa kumheshimu daktari. Kwa hiyo nilitembea nimeinama kushoto kama mnazi wa ufukweni. Mkono wa kushoto ukipampu, wa kulia umeshika mpira usawa wa kiuno tu. Harufu ya dawa ya zamani ilikuwepo kidogo. Lakini maji yalitoka kwa nguvu! Sabuni ikaanza kushuka vipande vipande. Upande wa dereva ukawa mwekundu. Nikaimba.

Hapo ndipo mtu alipotoa salamu nyuma yangu. Nikageuka kuitikia. Mpira nao ukageuka kuitikia.

Elibariki. Shati jeupe, tai, miwani, mkoba wa chakula cha mchana. Maji yalianzia kwenye tai yakaishia mfukoni.

Nilisubiri matusi. Mie ningetukana. Yeye akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa ambacho nacho kilikuwa kimelowa, akasema, "Braza, mie siyo mkorosho." Kisha akarudi kubadilisha. Alipopita tena, na shati jingine, alinong'ona kwamba kama nahitaji mtu wa kunisaidia Jumamosi asubuhi, yeye yupo. Nikamshukuru, nikamwambia kila kitu kimepangwa. Namjua huyu. Anataka kumgusa Bibie ili aonekane mwema.

Kufika jioni Bibie alikuwa mwekundu kote. Alimeta! Kokushubila alitoka jikoni, akamzunguka, akakiri kwamba amependeza. Akaniuliza bega. Nikasema bega gani?

Kilichobaki ni kumlinda asichafuke mpaka Jumamosi. Turubai letu lina mchanga, litamkwaruza. Lakini uvunguni mwa kitanda cha wageni nimekuta kitambaa kipya, kikubwa, laini, kimekunjwa vizuri. Mungu ni mwema. Nimemfunika mpaka magurudumu.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua imekuja. Alfajiri yote. Mvua ya kweli, ya kuhamisha ndala.

Kile kitambaa kilikuwa kitenge. Kitenge kile kilikuwa sare ya sendofu. Sare ya Kokushubila, ya Filomena, ya mashangazi waliotoka Bukoba kwa basi. Fundi alikuwa anakuja kukichukua leo saa tatu.

Tena kinachuja! Nilipokifunua, Bibie alikuwa na majani ya kijani kuanzia paani mpaka kwenye boneti, na ndege wawili mlangoni, wazuri kabisa. Kitenge chenyewe kimebaki na mabaka. Pale kilipogusa vioo kimepauka, pale kilipogusa tope kimekuwa cha rangi ambayo haina jina.

Kokushubila alitoka na kanga kifuani, akasimama. Hakupiga kelele. Akaanza kusema Kihaya. Akisema Kihaya haraka haraka, ni utani. Leo alisema polepole, neno moja moja, kama anayeliweka mezani. Nilimweleza kwamba nia ilikuwa kulinda. Akaniuliza kulinda nini.

Filomena alipigiwa simu. Alikata. Akapiga yeye. Uamuzi wa kamati: Loveness atashuka kwenye gari jeupe. Kura zilipigwa, yangu haikuombwa.

Chai ya jioni niliinywa na mbu.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimefanya jambo la kijinga. Naliandika kwa kuwa hakuna atakayelisoma.

Wanawake walikwenda kwa fundi kuona kama sare zinaokoleka. Nikabaki peke yangu na Bibie na majani yake. Nikasema potelea mbali, daktari siye aliyemwahidi Loveness. Nikachukua ndoo, kitambaa, sabuni ya maji. Nikaanza paani, kwa mkono wa kulia, kama nilivyofanya Jumamosi zote za maisha yangu.

Msuguo wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu, kitu kikalia ndani ya bega, mkono ukabaki hapo hapo. Juu ya paa! Haushuki, haupandi. Nikiuvuta naona nyota mchana. Nikasimama nimelikumbatia gari langu kama mtu anayeaga maiti. Elibariki hakuwepo. Mzee Marselino alikuwepo, alinipungia kwa mbali, akidhani nampungia.

Loveness ndiye aliyenikuta. Alirudi kuchukua viatu. Akaja nyuma yangu, akashika kiwiko kwa mikono miwili, akaushusha mkono taratibu mpaka ubavuni, jinsi mama yake anavyoshusha sufuria la maharage. Kisha akaketi chini, kwenye maji ya sabuni, na sketi yake ya kazini. Nikaketi na mie.

"Baba," akasema, "kwani tukiosha sisi kutakuwa na nini?"

Nikaanza habari za stilwaya. Akasema hiyo anaijua, nimsimulie mwingine. Anataka ile sababu nyingine, ya kweli.

Basi nikamwambia. Kwamba Jumamosi yeye anaondoka. Kwamba kazini nilishaondoka. Kwamba sasa na mkono nao umeondoka, na nikikaa kwenye kiti nitazame watu wakimwosha Bibie, mie nitakuwa nani hapa nyumbani? Babu wa kuletewa maji ya kunawa?

Alicheka, halafu akalia, halafu akacheka tena. Yuko hivyo tangu mtoto. Akasema, "Mie sijaomba gari safi. Nimeomba wewe ndiye uniendeshe. Gari jeupe lina dereva wake. Mie dereva wangu ni huyu."

Nikamwambia mkono wa kulia hautainuka. Akasema usukani uko chini ya kifua, na gia ziko kushoto. Alikuwa ameshalifikiria, mtoto huyu!

Akasimama, akaenda kuwapigia shangazi na mama yake mkubwa na kamati yote. Sikusikia alichomwambia Filomena. Nilisikia tu mara tatu, "Hapana, mama mkubwa. Hapana. Shikamoo, lakini hapana."

Jumapili, 19 Aprili

Jana sikuandika. Jana ilikuwa kubwa.

Asubuhi nilipotoka, walikuwa tayari uani. Loveness na rola kichwani, mapema kabla ya saluni. Kokushubila kafunga kanga kiunoni. Na Elibariki! Kakunja suruali mpaka magotini, miguu myeupe kama ya kuku wa kisasa, kashika kitambaa laini kipya alichokinunua mwenyewe. Nilimtaka akionyeshe. Nilikipapasa. Hakikuwa na mchanga. Nikamwambia haya, karibu.

Niliwekewa stuli. Nikawaelekeza. Kutoka juu kwenda chini! Siyo kwa duara! Ndoo ya kusuuzia isichanganywe! Baada ya muda Kokushubila alisema nikitoa maelekezo mengine nitaoshwa pamoja na gari. Elibariki akapendekeza wanianzie kwenye tai. Nilicheka. Sikukusudia, lakini nilicheka. Na mie nilipewa kioo cha pembeni, kimoja, niking'arishe mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Niliking'arisha kuliko kioo chochote Afrika Mashariki.

Majani yalitoka. Ndege mmoja aligoma mlangoni, tukamwacha.

Jioni tukaondoka, mie na binti yangu, wawili tu, maana viti ni viwili. Suti yangu, gauni lake, maua mapajani mwake. Tulipofika Tabata, mvua. Barabara ikawa mto wa rangi ya chai ya maziwa. Boza la maji likatupita kwa kasi. Boza la maji, kwenye mvua, linampelekea nani? Likatumwagia tope kuanzia taa za mbele mpaka za nyuma. Wipa zikatuachia tundu la kuchungulia. Nikataka kusimama nifute. Loveness akasema, "Baba, kanyaga."

Nikakanyaga.

Tulifika ukumbini hatuna rangi. Elibariki alikuwa nyuma yetu kabebeshwa mashangazi na keki, na gari lake jeupe lilikuwa kama letu. Mtu angedhani ni mapacha. Nikashuka, nikazunguka, nikamfungulia mwanangu mlango kwa mkono wa kushoto. Vigelegele! Hakuna hata mmoja aliyetazama gari. Hata mie sikulitazama. Jonas, huyo anayemchukua, kijana mpole, alisimama mdomo wazi kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Na sare? Filomena aliwaambia watu kwamba mabaka ndiyo mtindo wa sasa. Wageni wawili walimwuliza duka lilipo. Akawatajia Kariakoo, bila kupepesa.

Mshereheshaji aliponiita niseme neno, nilisema kwamba binti yangu ni mzuri, na kwamba jirani yangu ni mtu. Ndiyo yaliyotoka. Nikakaa. Kokushubila alinishika mkono, ule mbovu, kwa upole, hakuuachia mpaka chakula kilipokuja.

Jumatatu, 20 Aprili

Nyumba kimya. Loveness yuko kwa mama yake mkubwa akijiandaa kwa ndoa. Kokushubila ameimba jikoni asubuhi nzima. Elibariki alikuja akasema kila Jumamosi tuwe tunaosha magari yote mawili pamoja, sie watatu na Kokushubila, mie kwenye stuli. Nilimshukuru kwa moyo wote. Nikasema nimekubali. Na kweli nilikuwa nimekubali, mpaka saa nne hivi.

Kwa sababu nimegundua kosa letu. Sote tulihangaika na kuosha, kumbe ishu si kuosha. Ishu ni kuzuia uchafu usishike! Kitu gani duniani hakishikwi na kitu? Kitu chenye mafuta! Vumbi likitua, linateleza, linaondoka.

Nimechukua mafuta ya nazi ya Kokushubila, chupa zote, na za nywele pia. Nimempaka Bibie mwili mzima, kwa mkono wa kushoto, bila kupumzika. Sasa bega la kushoto nalo linabana kidogo ukiliinua. Nadhani ni baridi.

Anameta! Sijapata kumwona hivi. Ananukia kama wali.

Elibariki alichungulia juu ya ukuta. Akanitaarifu kwamba kesho asubuhi greda linakuja kuchonga barabara yetu, kuanzia hapa getini. Vumbi litakuwa la kutisha, akasema, nimwingize Bibie ndani.

Nimwingize? Ndiyo kwanza namtoa nje, nimemwegesha karibu kabisa na barabara. Nimemwambia Elibariki asiende kazini mapema. Aje na kiti, atazame.