Simba wa York na Dume la Kengeja

Jumamosi ile kwenye kijiwe cha Perry Barr, Uingereza, ugomvi aliuleta simba, tena simba mwenyewe kafa tangu zama za Warumi.

Kijiwe ni meza mbili tu mbele ya mgahawa wa Annonciata, Mkongo wa Bukavu, mpika kahawa nzito asiyependa kuona mtu amekalia kikombe kitupu. Siku hiyo walikuwapo watatu, wale wale. Dalmar, Msomali aliyekulia Eastleigh, anasambaza vifurushi kwa gari na anaitwa Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Makungu wa Unguja mjini ni mlinzi wa stediamu, anaitwa Afande. Na Haidari, mtu wa Pemba, dereva wa teksi wa miaka sitini na mbili, ndiye Mzee Pembe. Jina hilo lina kisa chake na kisa chenyewe hakiko mbali.

"Wasee, skizeni hii," Redio alisema, simu mkononi. "Kuna mifupa ya jamaa flani wa enzi ya Warumi ilifukuliwa hapo York. Kwa nyonga iko na alama ya meno. Wamepima, wakapata ni simba. Yaani huyo msee alitafunwa uwanjani, hapa hapa Uingereza, watu wamekaa wanatazama."

"York hii hii ya kupandia treni?" Afande aliuliza.

"Hiyo hiyo."

"Simba kafikaje?"

"Aliletwa na meli. Kutoka Afrika."

Afande akaweka kikombe chini. "Mke wangu mwaka wa tatu huu anasubiri viza. Kapimwa kifua, kachukuliwa alama za vidole, mtihani wa Kiingereza kaufanya mara mbili. Simba kaingia hivi hivi?"

"Huyo alikuja na viza ya kazi, Afande. Ujuzi adimu. Nani hapo York alikuwa anajua kutafuna mtu?"

"Haya, na alikuwa simba wa wapi?"

"Wa Kenya. Angetoka wapi kwingine?"

"Wacha uongo. Simba ni wa Tanzania, dunia nzima inajua."

"Afande, wewe ni wa Unguja. Kwenu hakuna simba hata wa dawa."

"Tuna Muungano."

Haidari alicheka mpaka kahawa ikampalia. "Makungu, miaka yote nakusikia unautukana Muungano kwenye meza hii. Leo kwa ajili ya simba ndiyo umeukumbuka?"

Annonciata alitoka na birika. "Na bale bantu ba kutazama, balikuwa banalipa?"

"Bure, mama," Redio alimjibu. "Mkubwa ndiye alikuwa analipia kila kitu. Hata jua likichoma wanatandaziwa turubai juu. Ila wamama waliwekwa huko nyuma, juu kabisa."

"Bure?" Annonciata aliangalia vikombe vyao. "Kumbe nyinyi muko Baroma. Munakaa saa ine na kikombe moya, na kivuli ni ya kwangu."

Walisogeza vikombe vijazwe, kwa aibu kidogo.

"Mimi uwanja naujua," Afande alisema. "Michezo mikubwa ya mataifa iliyofanyika hapa mwaka elfu mbili ishirini na mbili nilikuwa ndani siku kumi na moja. Sijaona mbio hata moja. Mlinzi anawapa mgongo wakimbiaji, anatazama watu. Nilikuwa najua nani kashinda kwa kuangalia midomo ya Wajamaika jukwaani. Watu walivyo wabaya, wakati mwingine walikuwa wanaomba mtu aanguke."

"Ndio Warumi hao," Redio alidakia. "Mpiganaji akianguka, watu ndio wanaamua. Wanatoa kidole gumba, auawe ama aachwe. Na hapa wameandika hata wataalamu hawana uhakika kidole kilikuwa kinaelekea wapi."

"Kwetu Kengeja hatuna ushenzi huo," Haidari alisema, na wenzake wakajivuta karibu, maana walijua kinachokuja. "Sie ng'ombe tunacheza naye, hatumuui. Anafungwa kamba ndefu, ngoma inapigwa, wanawake wanaimba, mwanamume anaingia na kitambaa chake. Mchezo ukisha, ng'ombe anarudi kula majani. Mie nilikuwa na miaka kumi na saba. Dume jeusi, jina lake Tufani. Alinijia, nikasimama. Pembe moja nikaikamata hivi."

Akaikamata pembe hewani. Redio na Afande walishakisikia kisa hicho mara mia na hawajawahi kukichoka.

Tatizo ni kwamba si kweli. Haidari alikianza miaka kumi na tano iliyopita, siku moja ya baridi ambayo hakuna aliyekuwa na la kusema, na kilipopendwa hakujua tena pa kukiteremshia. Watu wa Unguja mchezo wa ng'ombe wanausikia tu, sembuse Msomali wa Eastleigh. Kwa hiyo alikuwa salama. Katika mji huu ambao abiria humwita mkuu, rafiki, au hawamwiti kabisa, Mzee Pembe ndilo jina pekee alilopewa kwa heshima, na alilipenda kuliko alivyopenda kukiri.

"Kengeja?" Annonciata alishika kiuno. "Voilà. Iko mama moya wa Kengeja amehamia Hodge Hill kwa binti yake. Ananiletea mukate ya kumimina. Mama Mwanamize. Anakuya sasa hivi na basi."

Haidari alinyanyuka. Mwanamize alikuwa jirani yao Kengeja, nyumba ya tatu. "Nina abiria."

"Abiria gani na simu yako imezima?" Afande alimshika mkono. "Kaa, Mzee Pembe. Leo tunapata shahidi."

Basi lilikuwa limeshasimama. Akashuka mwanamke mnene mwenye buibui na kapu, akaja mezani, akawatazama mmoja mmoja, akakwama kwa Haidari.

"Yakhe. Si Haidari wa Bi Maisara huyu?"

"Ndiye," Haidari alijibu kwa sauti ndogo.

"Mama, shikamoo," Redio hakungoja hata akae. "Huyu mzee anatuambia alicheza ng'ombe huko kwenu. Ni ukweli?"

Mwanamize akaweka kapu chini taratibu. Haidari aliangalia kikombe chake na kungoja auawe.

"Alicheza," Mwanamize alisema. "Kwani hakukwambieni?"

Haidari akavuta pumzi. Angeishia hapo mambo yangekuwa mazuri, lakini Mwanamize alikuwa ndiyo kwanza anaanza.

"Aliingia bila viatu, bila kitambaa. Akaikamata pembe."

"Hata yeye amesema," Afande alikubali.

"Zote mbili. Kisha akampanda mgongoni."

Redio na Afande wakatazamana.

"Mgongoni?" Afande aliuliza.

"Akazunguka naye uwanja mzima. Dume limetulia kama punda wa maji."

"Mama," Redio alisema kwa upole, "sasa hapo ni kama umetuongezea."

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tano Haidari aliiona shaka machoni mwao, na ilimwogopesha. Hiki kitu kipunguzwe upesi, la sivyo kitaanguka chote.

"Mgongoni sikupanda," alisema. "Hapo kakosea. Pembe tu."

"Zote mbili?" Afande aliuliza.

"Moja. Na si kuikamata hasa. Niliigusa."

"Uliigusa ama yenyewe ndiyo ilikugusa?" Redio aliuliza.

"Ilinipitia karibu. Sana."

Afande, aliyezoea kuzisoma nyuso za watu, alimkazia macho. "Mzee wangu. Ulikuwa umesimama au unakimbia?"

Haidari alichoka. Alichoka ghafla, kama mtu aliyebeba mzigo wa watu. "Nilikimbia," alisema. "Sikuingia kwa kutaka, nilisukumwa. Tufani kanitazama tu, nikatoka mbio hadi kwa wanawake, nikajitia mvunguni mwa benchi lao. Mama yangu ndiye aliyekuwa amekaa pale. Akashusha kanga yake mpaka chini, akanikanyaga kisogo kwa kisigino nisitoe kichwa, huku anaendelea kuimba. Nilikaa mle mpaka magharibi."

Redio aliangua kicheko. Afande alijifunika uso kwa kofia. Annonciata aliweka birika chini akacheka mpaka machozi.

Haidari alimgeukia Mwanamize. "Cheka na wewe. Uliniona kwa macho yako, ukaamua kunipandisha ng'ombe ili nijiangushe mwenyewe."

"Mie?" Mwanamize hakuwa anacheka. "Nikuone wapi? Mwaka ule nishaolewa, nipo Tanga. Mchezo ule sikuuona."

Kicheko kikakatika.

"Sasa ya mgongoni umeyapata wapi?" Haidari aliuliza.

"Kwa mama yako, Mungu amrehemu. Baada ya wewe kusafiri, mie nimesharudi kwetu, hapakuwa na arusi asiyotusimulia. Mwanangu kaingia bila viatu, kamkamata dume pembe zote mbili, kampanda, kazunguka naye uwanja, na alipofika mbele yangu kanipungia mkono. Mpaka amekufa anasema hivyo. Kengeja watoto wote wanakijua kisa hicho."

Haidari hakwenda kumzika mama yake. Karatasi zake wakati ule zilikuwa bado kwa wakubwa wa uhamiaji, na jambo hilo hakuwahi kulileta kijiweni. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena.

Annonciata alimjazia kahawa bila kuombwa. Redio alikuwa anachunguza ufunguo wa gari lake.

Afande ndiye aliyekohoa. "Mzee Pembe, hapa barabarani pana kelele, mabasi haya. Sikukusikia vizuri. Yule dume ulimpanda au hukumpanda?"

Haidari aliwatazama wote, kisha akamtazama Mwanamize.

"Nilimpanda," alisema. "Na mama nilimpungia mkono."