Mshipi Wangu Sio Huo Mliouchunguza

Damas Bundala,
Fundi wa Reli,
Kitete, Tabora.
6 Agosti, 1954

Kwa Bwana Mchunguzi wa Vitu Vipya Vilivyobuniwa,
Dar es Salaam.

Bwana Mchunguzi mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote zinazokustahili wewe na kiti chako, nikitumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi si mzima sana, na aliyeniondolea uzima ni ofisi yako.

Naitwa Damas Bundala. Nina miaka hamsini na miwili, na miaka ishirini na sita kati ya hiyo nimeimaliza karakanani nikichonga vyuma vya gari la moshi. Ni Mkatoliki mwenye ndoa ya kanisani. Watoto wetu wanne wameshaanzisha miji yao, nami naishi hapa Kitete na mke wangu Apolinaria, sisi wawili tu. Nayasema haya mapema ili ujue unaandikiwa na mtu wa namna gani, maana tangu barua yako ifike watu wa hapa hawana hakika tena.

Mwaka jana mwezi wa Septemba nilileta kwako maombi ya hati ya uvumbuzi. Nilikuwa nimebuni gurudumu la kukunjia mshipi. Linafungwa kwenye fimbo ya mvuvi. Unatupa ndoana mbali, kisha unazungusha mpini na mshipi unarudi ukijikunja wenyewe. Wazungu wanavyo vigurudumu vya namna hiyo na nimewahi kuwatengenezea vikikwama. Lakini changu kina kifuniko cha bati, na kifuniko kina kitasa kidogo nilichokitoa kwenye sanduku bovu. Ukikifunga, mshipi hautoki hata inchi moja. Ufunguo ni mmoja. Hakuna Mzungu aliyewahi kulifikiria hilo, nami nilijivuna kidogo, nakiri.

Fomu yako ilitaka uvumbuzi uelezwe kwa sentensi moja. Niliandika hivi: "Gurudumu la mshipi wa kuvua, lenye kifuniko cha kufungwa kwa ufunguo, ili mtu mwingine yeyote asiweze kuvua wakati mwenyewe hayupo."

Kwa mtu yeyote aliyewahi kula samaki, Bwana, sentensi hii haina kona. Mshipi ni ule uzi wa ndoana. Kuvua ni kuvua samaki. Neno samaki sikuliandika kwa sababu sikujua kuwa kuna kitu kingine watu wanachovua bwawani. Sasa, baada ya miezi kumi, jibu lako limenifundisha kwamba ofisini kwenu mshipi ni ule wa kufunga kiunoni, na kuvua ni kuvua nguo.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Nimeambiwa kuwa maombi yangu yalifasiriwa kwa Kiingereza na Bwana mmoja kijana aliyefaulu mtihani wa serikali wa Kiswahili kwa alama za juu kabisa. Simlaumu kwa kufaulu. Namlaumu kwa kuishi Dar es Salaam, mji ambao hata paka wake wanajua mshipi ni nini, bila kufungua mdomo na kumuuliza mpishi wake. Mpishi angemjibu huku anaparua magamba.

2. Niliambatanisha mchoro, kwa wino mweusi, kama fomu ilivyoagiza. Mchoro ukarudishwa kwangu kwa kuwa karatasi ilizidi kipimo kwa nusu inchi. Maneno peke yake ndiyo yaliyoendelea na safari. Kwa hiyo mmekichunguza kwa makini kitu ambacho hamjakiona, na katika aya ya pili ya barua yako unauliza, kwa mshangao unaoonekana hata kwa Kiingereza, mpini uliotajwa katika orodha ya viungo ni wa kazi gani, mvaaji atauzungusha akiwa amekaa au amesimama, na zile yadi hamsini za uzi zitakaa wapi. Nimelifikiria swali hili kwa uaminifu. Kwa mshipi mliokuwa mkiufikiria ninyi, hata mimi sijui.

3. Mmekataa maombi yangu kwa sababu kitu hicho si kipya. Unaniambia kuwa huko Ulaya kilijulikana tangu miaka mia tano iliyopita, kwamba mabwana wa vita walipokuwa wakiondoka waliwafunga wake zao mishipi ya chuma, wakatia kufuli, wakaenda zao na ufunguo. Bwana, babu yangu Mahona alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo, miezi mitatu kwenda na zaidi ya hiyo kurudi, safari sita. Bibi yangu alibaki akilima. Hakufungwa kitu. Hata ghala la mtama lilifungwa kwa kamba ya gome tu, na hiyo ilikuwa kwa ajili ya mbuzi. Babu alirudi mara zote sita akamkuta bibi, na mtama akaukuta. Ndiyo maana sioni raha kuambiwa kwamba wenzetu waliotuletea ustaarabu walikuwa na mafundi wa kazi hiyo, na kwamba mimi, mjukuu wa Mahona, ndiye niliyewaiga.

4. Hili nimelifuta. Lilimhusu tena yule mfasiri, na Padri aliyenisomea rasimu amesema halifai kupita mikononi mwa watu wa posta.

5. Uliambatanisha picha ya mshipi huo wa chuma. Hapa naomba usome polepole. Aliyepokea bahasha ni mke wangu. Aliona muhuri wa serikali akadhani ni hati yangu imekuja, na kwa furaha hakungoja nitoke kazini, akaipeleka kwa fundi Abasi, mshona nguo wa karibu na soko, ambaye anasoma Kiingereza. Abasi ni mtu mwungwana na msomaji mzuri. Aliisoma yote barazani pake, mbele ya wateja, akiifasiri kwa Kiswahili safi cha mjini, bila kuruka neno hata moja kwa kumwonea mtu haya. Picha yenyewe haikuhitaji mfasiri. Apolinaria aliiangalia, akaigeuza, akaiangalia tena. Akamwomba Abasi airudie ile sentensi yangu, naye akairudia. Alikuja nyumbani, akakunja kanga zake, akapanda gari la moshi hadi Kigwa kwa kaka yake Raymundi.

Leo ni siku ya kumi na tisa. Sikuzoea kuandika mambo kama haya kwa ofisi, lakini fomu zenu hazina mahali pa kuyaandika, basi nayaandika hapa. Nyumba imekuwa kubwa. Napika ugali wa watu wawili kwa mazoea, kisha nakaa nautazama. Juzi nilimwita jikoni anipe chumvi, nikasimama nimenyoosha mkono kama mtu asiye na akili.

6. Mjini nako sina amani. Mfanyabiashara mmoja wa asali, anayesafiri kwenda Ujiji kila mwezi, alinifuata karakanani akaniuliza kwa kunong'ona kama napokea oda. Mwanamkuu, mama wa vitumbua, aliniuliza bila kunong'ona kama ninavyo na vya kiume, kwani kwake yeye anayesafiri ni mume. Kwaya yetu imeniomba nipumzike kidogo hadi maneno yapoe, na hiyo ni kwaya isiyo na mwimba besi mwingine. Siwezi kukaa chini popote bila watu kunitazama kiunoni.

7. Sasa nafika kwenye zito kuliko yote. Shemeji Raymundi ameniandikia nifike Kigwa Jumapili ya tarehe 22 nijieleze mbele ya wazee wa ukoo wao. Miongoni mwao atakuwapo mama mkwe wangu. Huenda huna habari, Bwana, kwamba kwetu Unyamwezini mtu hamtazami mama mkwe wake usoni. Nikimwona njiani napisha. Kwa miaka thelathini sijatamka mbele yake neno zito kuliko salamu, naye hajawahi kuniona nikila. Leo natakiwa nisimame mbele ya bibi huyo nifafanue neno kuvua kwa maana zake zote mbili. Sidhani kama yupo mkwe yeyote wa nchi hii, Mkristo, Mwislamu au asiye na dini, anayeliweza.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mambo haya. Kwanza, ofisi yako iandike barua kwa Kiswahili, yenye muhuri, itakayosomwa na fundi Abasi barazani pale pale na kwa sauti ile ile, kwamba Damas Bundala hakubuni mshipi wa kiunoni, habuni sasa, wala hana nia. Nakala moja iende kwa Raymundi. Pili, ikiwa barua haitatosha, na naogopa haitatosha, basi uje wewe mwenyewe. Steshini ya Kigwa ipo na gari linasimama. Utaeleza mambo yote mbele ya mama mkwe, kwa kuwa wewe si mkwe wake na hakuna kinachokuzuia kumtazama. Tatu, uje na mfasiri wako. Tutampeleka bwawani na fimbo mkononi, na asiruhusiwe kurudi pwani mpaka amevua. Samaki, naongeza, ili asije akanielewa vibaya tena.

Nne, na hili ndilo nakuomba ulichunge kuliko yote: iandikwe wazi kwenye jalada langu kwamba kifuniko changu hakikumlenga mke wangu kwa njia yoyote ile, ya karibu wala ya mbali. Nilikibuni kwa ajili ya mchanga, umande, na mikono ya watu wasiojulikana. Mtu anayedhani vinginevyo ananionea.

Nisalimie makarani wote wa ofisini kwako, na matarishi, na mpishi wa yule mfasiri, ambaye sijapata kumwona lakini namwamini. Mfasiri mwenyewe mpe salamu za kawaida. Hapa wanakusalimu Padri, na fundi Abasi, ambaye anajuta kusoma vizuri namna ile. Mwanamkuu anakusalimu pia, na bado anangoja jibu lake.

Ni mimi raia mwema, ambaye siku hizi nafunga suruali kwa kamba ili kuepuka maneno,

Damas Bundala

Nakala: Bwana Shauri wa Wilaya, Tabora.

Nyongeza, 23 Agosti. Bwana, barua hii ilikaa kwa Padri akiisahihisha nukta na mikato hadi siku ya shauri ikafika, basi nilikwenda Kigwa nikiwa nayo mfukoni, bila wewe wala muhuri wako. Nilikaa nikampa mama mkwe mgongo, nikauambia ukuta kila kitu: ndoana, bwawa, kambare, mtihani wa serikali. Walipoelewa walicheka mno. Raymundi alicheka hadi akakohoa, akasema, "Shemeji, yaani tumekaa hapa tangu misa kwa sababu ya samaki?" Mama mkwe sikumwona, lakini nilimsikia naye akicheka, na nilidhani mambo yamekwisha.

Ndipo Apolinaria akaomba kusema. Alisema, "Nimeelewa, ni mshipi wa samaki. Lakini nyumba ile tunaishi wawili. Abasi hana ufunguo wa mlango wetu, Padri hana. Sasa huyo mtu mwingine yeyote, asiyetakiwa kuvua mwenyewe akiwa hayupo, ni nani?"

Niliugeukia tena ukuta, haukunisaidia. Ni kweli kwamba mwaka jana, nikiwa kazini, yeye alikuwa akilichukua gurudumu langu na kwenda nalo bwawani. Ni kweli pia kwamba Jumatano moja alirudi na kambare mkubwa kuliko wote niliowahi kuvua mimi tangu nijue kuvua, na majirani walikuja kumtazama, na mmoja wao akaniambia mbele ya wenzake nimwombe mke wangu anifundishe. Kitasa nilikitia Alhamisi.

Basi naona mfasiri wako alisoma sawasawa. Nilibuni kitu cha kumfungia mke wangu, nikaondoka na ufunguo. Alikosea tu mahali kinapovaliwa. Na kwamba si kipya, hilo nalo nimelikubali.

Naondoa maombi yangu. Apolinaria hakurudi nami. Leo asubuhi nimeking'oa kitasa, na kifuniko nimekitupa, lakini yeye haamini maneno yangu wala ya karatasi. Amesema atakuja kwa gari la Jumamosi, alichunguze gurudumu kwa macho yake, kabla hajashusha mzigo wake kichwani.