Jeshi Jeupe la Gaspari

Jumatatu, 17 Juni 1974

Leo nimechaguliwa. Bila kupingwa. Mimi sasa ni Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya Mashindano ya Vita vya Mezani, Kijiji cha Issuna. Naandika cheo chote kirefu, maana mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima alisema tuandike kila siku mkono usisahau, na cheo kama hiki kinaupa mkono mazoezi.

Kupingwa kwenyewe kusingewezekana. Wengine wote walikuwa wanapura mtama.

Mchezo ni wa mwanangu Gaspari. Alirudi nao kutoka Jeshi la Kujenga Taifa, yeye na buti zake. Anafinyanga askari wa udongo wa kichuguu, urefu wa kidole. Jeshi moja huku, jingine kule, katikati kilima cha udongo chenye kibendera. Askari wakikutana, majemadari wanarusha dadu ya mfupa. Mwenye namba ndogo, askari wake anaondolewa. Atakayekuwa ameshika kilima filimbi ya mwisho ikilia, ameshinda.

Watu walimcheka sana. Mwanamume mzima na buti zake, anacheza tope. Mimi sikucheka. Nilimzaa mimi, najua kile kichwa kilivyonitesa kutoka. Kichwa kile hakikuwa kitupu.

Sasa Katibu wa kijiji, Ndugu Simoni, amesema mchezo huu unafundisha ulinzi wa taifa. Kijiji kitakachoshinda kitauonyesha Singida mjini siku ya Saba Saba, mbele ya wakubwa. Jemadari atapanda lori. Na mama yake. Hilo la mama nimeliongeza mimi, Katibu akakohoa tu. Kukohoa si kukataa.

Wapinzani wakubwa ni kijiji cha Ihanja. Jemadari wao ni Leonidas, mtoto wa wifi yangu Marietha, dada wa mume wangu. Wifi huyu ndiye aliyesema mbele ya kina mama, baada ya misa, kwamba wenzao wanakwenda jeshini wanarudi na kazi, Gaspari amerudi na buti, tena hazina kamba.

Zina kamba. Moja ina kamba.

Sitaki makubwa. Nataka siku moja watu wampigie mwanangu makofi, wifi akiwa amekaa pale pale anaona.

Jumatano, 19 Juni

Shida ya meza. Meza ya ofisi ya kijiji inatosha askari sita na kikombe cha Katibu. Shule wamekataa, wanasema za kwao zina wanafunzi.

Nimepata ufumbuzi. Mlango wetu. Mpana, wa mninga, alioutengeneza baba mkwe. Nimeung'oa mwenyewe kwa jembe. Ukilazwa juu ya magunia manne ya mtama ni uwanja wa vita kamili.

Baba Gaspari alirudi jioni akasimama nje muda mrefu. Akauliza kama tumevamiwa. Nikamweleza habari za ulinzi wa taifa. Akasema taifa lina milango mingi, kwa nini wa kwake. Mume wangu Paulo ni mtu mwema, ila hana upeo.

Upepo wa Juni unaingia moja kwa moja hadi kitandani. Nimemwambia avae koti.

Jumamosi, 22 Juni

Leo nimetumia akili. Kamati ilikaa kupanga hatua za askari. Gaspari alitaka kila askari aende urefu wa kijiti kimoja, sawa kwa wote. Nikamwambia kijiti ni cha wazungu, sisi mababu zetu walipima kwa shubiri, toka kidole gumba hadi cha mwisho. Kila jeshi liwe na mpimaji wake, shubiri yake ndiyo hatua. Kamati ikapiga makofi kwa sababu ya mababu.

Kamati hawajamtazama Gaspari mikono. Ile si mikono, ni nyungo. Askari wake watavuka mlango mzima wakati wa Leonidas wanatafuta njia.

Gaspari hakufurahi. Alisema, mama, hiyo si haki. Nikamwambia haki itakuja baada ya ushindi. Akaenda zake kufinyanga. Mtoto yule hasemi maneno matatu kwa siku, na leo alishayamaliza.

Jumatatu, 24 Juni

Askari wa Gaspari hawapendezi. Wekundu wa kichuguu, na wa Ihanja nao wekundu wa kichuguu. Wakubwa wa Singida watajuaje yupi ni wetu? Jeshi la mwanangu lazima lionekane kutoka mbali.

Gaspari alikuwa zamu shamba la kijiji. Nikachukua karai nikaenda mbugani, kule kwenye udongo mweupe. Nilikuta wachungaji na ng'ombe wengi wameinamisha vichwa, wanalamba ardhi. Nikawaomba waswage ng'ombe wao pembeni, ni kazi ya kamati. Ng'ombe mmoja alinifuata karibu nusu ya njia akiwa anatazama karai. Hata ng'ombe wanajua kitu kizuri.

Nimefinyanga askari ishirini. Weupe kama mashati ya Pasaka. Vifua mbele. Wengine niliwawekea na matumbo kidogo, hao ni maofisa.

Wale wa zamani niliwaloweka nikasiribia ukuta wa jikoni. Ukuta umependeza.

Gaspari alirudi akauliza askari wake wako wapi. Nikamwonyesha weupe. Akauliza wa zamani. Nikamwonyesha ukuta. Alikaa chini. Kumbe kila mmoja alikuwa na jina. Baadaye akachukua mmoja mweupe, akamgeuzageuza, akasema huyu ana tumbo. Nikamwambia ni meja. Akacheka kidogo kwa pua. Amenisamehe.

Jumatano, 26 Juni

Mipango yangu imeingiliwa. Wifi Marietha amesikia kanuni ya shubiri. Leo amepita hapa kusalimia tu, eti. Nyuma yake kuna mtu. Akasema, wifi, kutana na mpimaji wetu.

Mughwai, mchimba visima wa Ihanja! Mtu huyu anachimba mwamba tangu ujana. Aliponipa mkono, wangu ulipotea hadi kifundo. Aliomba maji, nikampa kibuyu, akakishika kama yai.

Wifi akaniuliza kama kanuni ya mababu bado ipo. Nikajibu ipo. Akasema anashukuru sana mababu. Kisha akatazama nyumba yangu akasema hewa ni nzuri hapa kwetu siku hizi, tumeondoa hata mlango.

Sikulala mchana.

Alhamisi, 27 Juni

Nimekwenda kwa Katibu asubuhi. Nikamwambia Ndugu Katibu, nimetafakari, shubiri za watu binafsi ni ubepari. Mwenye mkono mkubwa anamnyonya mwenye mkono mdogo. Kwenye ujamaa kipimo ni kimoja. Katibu aliguswa sana. Alisema hajawahi kusikia jambo hilo likielezwa hivyo. Akachukua uzi, akaupima kwa shubiri yake mwenyewe, akaukata, akasema hiki ndicho kipimo cha wote.

Nilikuwa sijawahi kumtazama Katibu mikono. Ana mikono ya kushika dawa ya macho. Uzi ule hauzidi njiti mbili za kiberiti.

Gaspari ameutazama uzi akasema kwa mwendo huu askari watafika kilimani wakati wa kupiga kura mwakani. Maneno mengi. Nadhani anaanza kufurahi.

Jumamosi, 29 Juni

Nitaandika yote.

Asubuhi watu walijaa. Mlango juu ya magunia, uwanjani, mbele ya ofisi ya kijiji, pale njia ya mifugo inapopita. Nilipachagua mimi, pana nafasi. Mgeni wa kwanza kufika alikuwa wifi, ameleta kigoda chake, akakiweka mbele kabisa. Mimi nikaweka kiti. Kiti ni kirefu kuliko kigoda.

Vijana wa misheni, timu ya tatu, walitolewa mapema, walikuwa wanasali kila wakirusha dadu na wakapata moja moja. Fainali ikawa Issuna na Ihanja. Gaspari na Leonidas. Leonidas alinisalimia, shikamoo mama, kwa adabu zote, nikamjibu marahaba, ila nilimwombea namba ndogo.

Ule uzi jamani. Askari anasogea, watu wanainama kutazama kama amesogea kweli. Adhuhuri ikapita. Watu wakala viazi. Mzee mmoja alilala, akaamka, akauliza wamefika wapi, akaambiwa pale pale, akalala tena. Wifi akanigeukia akasema, hongera Mwenyekiti, vita vya kwanza nimeona ambavyo mtu anaweza kwenda kusuka mkeka akarudi.

Lakini Gaspari wangu. Alitulia. Akazungusha askari kumi nyuma ya kilima polepole, Leonidas hakuona. Jua linaanza kushuka, weupe kumi na wanane bado wapo, wekundu wamebaki tisa, na maofisa wangu wanne wameshapanda kilimani kwenye bendera. Watu wakaanza kumwita, Jemadari, Jemadari. Jina la mwanangu hilo. Nikasimama juu ya kiti.

Kutoka juu ya kiti ndipo nilipoona vumbi. Mifugo inarudi.

Mbuzi walitangulia. Mbuzi wetu, wa Baba Gaspari. Wa kwanza akanyoosha shingo, akanusa mlango aliouzoea, kisha akamlamba meja aliyebaki bondeni. Akatulia. Akamlamba tena. Hapo akawaita wenzake, sijui kwa lugha gani. Wakaja wote. Wamepanda juu ya magunia, wamepanda juu ya mlango, wanalamba jeshi la mwanangu, wamefumba macho kwa utamu. Wekundu hawakuguswa hata mmoja. Walirukwa kwa heshima.

Tuliwafukuza kwa kanga, kwa fimbo, kwa kigoda cha wifi. Walipoondoka, wa bondeni walikuwa vidonge. Wamebaki wale wanne wa kilimani, nao wamelowa, hawana pua.

Wifi akainuka, akaokota kidonge kimoja, akakigusa kwa ncha ya ulimi mbele za watu wote. Akasema, Mama Gaspari, jeshi hili limekolea. Ungeweka na nyanya.

Watu wakaangua kicheko. Nikamjibu kwamba kwangu mtu halishwi kitu chapwa, hata mbuzi. Ila ndani nilikuwa nimekwisha. Siku ya mwanangu ndiyo hiyo, na nimeilisha mbuzi.

Basi Gaspari akasimama. Yule wa maneno matatu. Akampigia Katibu saluti, akatangaza kwa sauti ya jeshi kwamba tambarare ya magharibi imevamiwa na adui wa tatu, mwenye ndevu, asiyetoa taarifa. Majeruhi kumi na wanne, wote wamelambwa wakitetea nchi. Meja ameonekana mara ya mwisho akielekea zizini, ndani ya mbuzi. Jeshi lililobaki halirudi nyuma.

Watu walicheka mpaka Mughwai akajishika ubavu kwa ile mikono. Leonidas akasema waanze upya, si haki. Gaspari akakataa, akasema vita ni vita, sogeza askari, binamu.

Leonidas akawapandisha tisa wake kilimani, uzi kwa uzi. Dadu zikarushwa. Gaspari anapata tano, sita, tano. Kila wasio na pua walipobaki wamesimama, watu walipiga kelele hadi wa vilabuni wakaja kuuliza. Wekundu wakabaki watatu, weupe wawili, giza likaingia, Katibu akapiga filimbi. Bendera kwa Gaspari, askari wengi kwa Leonidas. Ihanja wakadai, Issuna tukadai, mimi nikadai kuliko wote. Katibu akasema wanakwenda Singida wote wawili, wachezee huko huko mbele ya wakubwa, na kazi ya kuandaa majeshi wagawane mama zao.

Makofi yalipigwa. Marefu. Nilimtafuta wifi kwa macho nione kama anaona. Alikuwa anapiga kuliko wengine, na anamwambia mtu asiyemjua, yule mwenye mikono mikubwa ni mtoto wa kaka yangu.

Nikageuza uso, nikajifanya natafuta kuku.

Jumapili, 30 Juni

Baba Gaspari alirudisha mlango usiku ule ule. Una alama za kwato. Alisema alilala vizuri kwa mara ya kwanza, kisha akakiri kwamba na yeye alipiga makofi, nyuma, karibu na mbuzi. Aliwasamehe mbuzi upesi mno, kwa maoni yangu.

Gaspari amepita njiani akaitwa Jemadari na watu watatu. Amefunga ile buti isiyo na kamba kwa ule uzi wa Katibu. Haukutosha.

Jumamosi, 6 Julai

Lori linakuja saa nane. Kesho Saba Saba. Nimeshapiga pasi kanga. Wifi atakaa kando yangu, tumekubaliana yeye dirishani kwenda, mimi dirishani kurudi, ingawa lori lenyewe halina madirisha.

Gaspari ameniomba jambo moja tu. Mama, safari hii udongo wa kichuguu, wa kawaida, mwekundu. Nimemwahidi. Amefinyanga mwenyewe, amewapa majina, amewafungia sandukuni.

Lakini nimewatazama. Ni askari wa kawaida. Mbele ya wakubwa wa mkoa mzima, wa kawaida? Kosa la mara iliyopita lilikuwa chumvi, basi. Mtu mzima hawezi kushindwa na chumvi mara mbili. Kwa hiyo jana nilipata nta kwa warina asali, nta safi, haina chumvi hata chembe, mbuzi hawaitaki, nimewapa wakanusa wakaondoka. Nimefinyanga ishirini wa manjano, na safari hii maofisa wana kofia. Leonidas nimemtengenezea pia ishirini, ili wifi asije akasema. Wekundu wa Gaspari sikuwavunja, nimejifunza. Nimewatoa tu sandukuni nikawaficha kwenye gunia la mtama.

Bado saa mbili lori lifike. Hakuna wingu hata moja. Majeshi yote mawili nimeyapanga juu ya paa la bati la ofisi yapigwe na jua kidogo, yang'ae.