Mistari Minne ya Zamda

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimepata barua kutoka kampuni moja ya filamu ya Dar. Imekuja kwa WhatsApp. Ina nembo, ina mhuri. Inasema ninashukiwa kuwawekea wateja filamu zao kwenye flashi, hapa kibandani kwangu Daraja Mbili. Nilipe laki tatu ndani ya siku saba, la sivyo mahakamani. Kweli nimeweka. Flashi arobaini, labda hamsini. Lakini wamejuaje? Haitaji filamu, haitaji siku, haina shahidi. Na bado nimeshaanza kuhesabu akiba yangu. Watu hawa wana akili sana.

Jumanne, 4 Machi
Jirani yangu Zamda, fundi cherehani, naye kapata barua ileile. Zamda hana hata kompyuta! Nikamshauri alipe, yaishe. Akasema hawezi kulipia wizi ambao hakuufanya. Akaandika majibu kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo, akaniomba nimchapie: wataje filamu, siku na mashine iliyotumika; wakiwa na ushahidi, atakwenda mahakamani kwa miguu yake mwenyewe. Mistari minne. Mimi ningeandika kurasa tatu za kuomba msamaha.

Wakati nachapa, wazo likanijia. Wateja wangu nao wananakili filamu nilizowawekea, wanagawiana bure. Barua ya kampuni ninayo. Nikatoa jina lao, nikaweka langu. Nimewatumia wateja kumi na wanane. Elfu kumi kila mmoja.

Alhamisi, 6 Machi
Kumi na saba wamenuna. Mmoja amelipa: Mzee Loishiye wa Olasiti. Furaha yangu haikudumu, maana alikuja mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Akasema ametoa hela ya dawa ya ng'ombe, kwa kuwa hataki jina lake lisikike vibaya kanisani. Flashi yake ina mahubiri matupu. Nilimwekea mimi. Akaniomba radhi kwa kosa asilolijua.

Zamda alisikia yote. Hakupaza sauti. Alisimamisha cherehani, akasema, "Gadiel, mrudishie mzee hela yake. Halafu mwambie ukweli, mimi nikiwa hapa hapa."

Nikarudisha. Ukweli nikasema nusu. Zamda akanitazama, nikasema na nusu iliyobaki. Mzee akaniuliza taratibu kama mama yangu anajua kazi ninayofanya. 

Jumamosi, 8 Machi
Kampuni imefuta madai dhidi ya Zamda. Wanaomba radhi kwa usumbufu. Zamda kaisoma barua yao mara moja, akaendelea kushona pindo la sketi. Nikamuuliza, je, na mimi niwajibu hivyo hivyo? Akasema yeye hajaiba, mimi nimeiba. Nifute zile filamu, kisha niwapigie tuzungumze kama watu wazima. Mwanamke ana msimamo huyu! Nimemheshimu kutwa nzima.

Jumatatu, 10 Machi
Sijapiga. Ila nimesikia barua za kampuni zimefika mpaka Usa River, na watu hawalali. Nimetoa nakala za majibu ya Zamda, bila jina lake, nauza elfu mbili mbili. Zimekwisha kabla ya mchana. Anayenikera ni Elinipa wa duka la simu. Kanunua nakala moja tu, kaipiga picha, sasa anawagawia watu bure. Bila aibu! Kazi ya mtu mwingine!

Nimeshamwandikia barua ya madai.