Kuhusu Goti Langu la Kulia na Darasa Lako la Alhamisi

Ziwani, Nairobi
Jumatatu asubuhi

Kwa Bwana Luseno,
Mkutubi Mkuu, Maktaba ya Hospitali

Bwana Mkutubi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na vitabu vyako vikiwa vimesimama wima. Mimi ni Kahin Burale, mwalimu mstaafu wa jiografia, mkazi wa Ziwani tangu mwaka wa 1993, na kabla ya hapo mkazi wa Kismayu mpaka vita viliponiondoa. Kiswahili nilikijua ukubwani, kwa kusoma vipande vya magazeti ambavyo mama mmoja wa hapa mtaani alifungia maandazi. Ukikuta sentensi yangu imekatika katikati, elewa kwamba ndivyo nilivyoipokea.

Ninalalamika kwamba wewe, mtu wa vitabu, umeniponya goti bila idhini yangu.

Ili uone uzito wa jambo hili, lazima kwanza nikueleze habari za Bulle. Tulifundisha shule moja, tukakimbia siku moja, na sasa anaishi Buruburu kwa bintiye Leyla, ghorofa ya nne. Miaka miwili iliyopita tulibishana juu ya rangi ya mlango wa shule yetu. Mimi nilisema kijani, yeye akasema bluu. Aliposhikilia bluu yake, nilimwambia mbele ya bintiye kwamba huenda hakuwahi kufika pale. Mtu aliyepoteza mji wake hana kitu kingine mkononi isipokuwa kwamba aliwahi kuwa pale. Nililijua hilo wakati nikisema. Nikashuka ngazi na sikurudi.

Leyla akinipigia simu kuuliza mbona nimepotea, mimi humjibu, "Binti yangu, ni goti. Ngazi zenu zina vidato hamsini na viwili." Goti lilikuwa linauma, hilo ni kweli. Lakini halikuwa linauma kiasi hicho. Bulle naye akaanza kunijibu kupitia kwa bintiye kwamba goti lake pia halimruhusu kushuka, nikajua ananikejeli kwa maneno yangu mwenyewe. Basi tukakaa hivyo, kila mtu na goti lake.

Sasa malalamiko.

1. Nilikuwa na Jumanne nzuri. Nilikuwa nalala kitandani katika idara ya tiba ya viungo, Nyawira, mtaalamu wangu, ananiwekea taa ya joto juu ya goti, nami namsimulia Kismayu kwa nusu saa nzima, mpaka majina ya wanafunzi wangu kwa mpangilio wa madawati. Katika miaka hiyo miwili goti halikubadilika hata kidogo, na hakuna aliyelalamika, si mimi, si yeye, si goti. Kisha ukaanzisha darasa la Alhamisi la kuwafundisha wataalamu wa tiba jinsi ya kutafuta utafiti na kuupima kabla ya kumgusa mgonjwa. Jumanne iliyofuata Nyawira aliitazama ile taa kwa muda, akasema, "Mzee Kahin, nani alituambia hii inasaidia?" Nikamwambia niliambiwa na yeye. Akasema yeye aliambiwa na aliyemtangulia. Akaizima. Nilikuwa nimefika dawati la tatu.

2. Umemfundisha kwamba swali zuri lina sehemu nne: mgonjwa ni nani, atafanyiwa nini, kikilinganishwa na nini, ili mwishowe apate nini. Sina ugomvi na zile tatu za kwanza. Ile ya nne ndiyo iliyoniangusha. Alishika kalamu akaniuliza, "Wewe mwenyewe unataka uweze kufanya nini?" Bwana Luseno, nina miaka sabini na sita. Watu wengi wenye kalamu wameniuliza nimetoka wapi. Huyu alikuwa wa kwanza kuniuliza nataka nini. Nilishtuka, nikatoa jibu lililokuwa karibu na ulimi. "Kupanda ngazi za kwa Bulle." "Ni vidato vingapi?" "Hamsini na viwili." Akaandika. Nilidhani uongo ukiandikwa na mtu wa hospitali unageuka kuwa cheti. Kumbe unageuka kuwa lengo.

3. Tangu siku hiyo nafanyishwa kazi. Naketi na kuinuka kwenye kiti mara kumi, napumzika, tena kumi. Napanda sanduku la mbao na kushuka, kama mtu aliyesahau kitu juu yake. Nilipomwambia kwamba wazee wa kwetu hawakufanya mambo haya na walitembea vizuri, Nyawira aliniuliza wazee hao walikuwa wangapi. Nikahesabu moyoni. Walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa mimi.

4. Sikukubali kushindwa. Nilikuja kwako mwenyewe, kama unavyokumbuka, kutafuta utafiti utakaoitetea taa ya joto, hasa kwa wagonjwa wanaosimulia. Ungenifukuza ningekushukuru. Badala yake ulinipa kiti karibu na dirisha, ukaniazima miwani yako ya akiba, na ukanionyesha kwa subira jinsi ya kuangalia ni watu wangapi walipimwa na kama kuna aliyewafuatilia baadaye. Tulitafuta kwa muda wa saa mbili. Hatukupata cha kuitetea. Kisha ukanichorea ngazi ya ushahidi kwenye karatasi, wenye nguvu juu na dhaifu chini, na pale chini kabisa, kwenye kidato cha kwanza, ukaandika: maneno ya mtu mmoja anayekumbuka. Hukuwa na nia mbaya. Lakini nilirudi Ziwani na karatasi ile mfukoni, nikakaa nikiufikiria mlango wa kijani. Mimi ni mtu mmoja anayekumbuka. Bulle ni mtu mmoja anayekumbuka. Tulikuwa tumesimama kidato kimoja, nami nikamsukuma.

5. Ugonjwa wako unaambukiza. Nilianza kuutafuta ule mlango kwa utaratibu, nikawapigia simu wanafunzi wangu wa zamani mmoja mmoja na kuandika majibu yao kwenye daftari. Watatu walisema kijani, wanne bluu, mmoja akasema shule haikuwa na mlango. Ambaro, ambaye sasa anauza vitambaa Eastleigh, alikuwa na picha. Mlango unaonekana wote, mpaka kitasa chake. Picha haina rangi. Ila kando ya mlango amesimama Bulle, kijana, kitabu cha mahudhurio kwapani, ananitazama. Naomba uniambie ni idara gani ya hospitali inayotibu jambo kama hilo.

6. Jumanne iliyopita nilipanda vidato hamsini na viwili kwenye ngazi za nyuma za hospitali, bila kushika ukuta. Nyawira alikuwa anahesabu kwa sauti na nesi mmoja akasimama kutazama. Aliandika "lengo limefikiwa", akanipa mkono, akaniambia nisirudi. Kwa hiyo sina taa, sina Jumanne, na sina kisingizio. Nimebaki na mguu mzima unaojua njia ya Buruburu.

Kwa sababu hizo ninaomba kwa heshima: taa irudishwe kitandani pake, hospitali inipe barua yenye muhuri kusema kwamba goti langu ni bovu, nami naahidi kuitumia kwa ngazi za Buruburu peke yake, na darasa la Alhamisi lisimame mpaka mimi au Bulle tutakapofariki, yeyote atakayetangulia.

Na kwa kuwa umenifundisha kwamba shahidi mmoja hatoshi, nitaambatanisha saini ya mtu anayelijua goti hili tangu lilipokuwa changa.

Mfikishie salamu Nyawira, yule nesi aliyesimama kutazama, askari wa lango anayeniita mwalimu, na msaidizi wako aliyenitolea kurasa pande zote mbili ili kuokoa karatasi. Miwani yako bado ninayo. Sijaiiba, naisomea.

Ni mimi, mwenye goti lisilouma na moyo usiotulia,

Kahin Burale

Baada ya saini: Mtu pekee anayelijua goti langu tangu lilipokuwa changa ni Bulle. Nilipofika mwisho wa barua ndipo nikagundua hilo. Basi leo mchana nimempelekea, ili atie saini. Vidato ni arobaini na vinane. Nyawira arekebishe daftari lake, vinne nilijiongezea. Leyla alifungua mlango, nami nikaomba radhi hapo hapo, kabla ya salamu, nikiogopa kuishiwa na pumzi au na ujasiri. Bulle alikuwa ameketi. Hakuinuka, kwa sababu hawezi. Goti lake la kushoto limevimba kama boga, na hajashuka ngazi zile tangu mwaka juzi. Hakuwa akinikejeli. Nilikuwa nimeambiwa ukweli kwa miaka miwili, nikauhesabu kuwa uongo kwa sababu ulifanana na wangu.

Amesoma barua yote na kuitazama picha kwa muda mrefu. Amekataa kutia saini. Anasema hawezi kushuhudia ubovu wa goti lililofika kwake kwa miguu.

Kwa hiyo tafadhali hesabu kwamba hukuletewa malalamiko yoyote. Darasa la Alhamisi liendelee, na kama kuna kiti cha nyuma, nitakuja. Ile Jumanne yangu iliyoachwa wazi naomba apewe Bulle. Akiulizwa anataka aweze kufanya nini, jibu analo: kushuka. Taa msimwonyeshe kabisa. Yeye husimulia kuliko mimi.

Ameniomba kalamu aongeze mstari mmoja:

*Nimemwona akifika. Alishika ukuta mara mbili. Mlango ulikuwa bluu. — Bulle*